Mapovu Ndani ya Chupa

Karai la Tata liko verandani kwangu, limelala kifudifudi, na mwanangu ameambiwa asiliguse. Juzi alilifunua akalijaza maji ili aogeshe mwanasesere wake, nami nikatoka jikoni nikampigia kelele ambazo hata jirani alizisikia. Mtoto akaangua kilio. Nilipoinama kumbembeleza, harufu ikanipanda puani kutoka kwenye lile bati lililolowa: gundi ya viraka, mpira uliokwaruzwa, petroli kidogo. Badala ya kumbembeleza nikaketi sakafuni nikalia pamoja naye. Ndipo nikaamua kuyaandika haya, maana nimeyanyamazia miaka mingi mno na aliyestahili kutetewa hayupo tena.

Tata ndivyo tunavyomwita baba kwetu Kisii, na wangu alikuwa fundi wa pancha pale Keumbu, kando ya barabara, chini ya mabati matatu yenye matundu mengi kuliko tyubu zote alizowahi kuziba. Watu wa bodaboda walimpenda kwa sababu hakuwa na maneno mengi. Hakuwa na geji ya kupimia upepo pia. Alibonyeza tairi kwa kidole gumba, akaligonga kwa konzi mara mbili, akasikiliza, kisha akamwambia mwenye pikipiki, "Bado. Hii itakuangusha kwa kona." Wenye geji zao walikuja kumjaribu, wakapima baada yake, wakaondoka wakitikisa vichwa. Mimi niliyekuwa na miaka tisa niliamini hakuna jambo la upepo ambalo Tata hakulijua, na sioni aibu kusema kwamba mpaka leo naamini hivyo.

Shule zikifungwa nilishinda naye bandani. Tyubu ikiletwa aliijaza upepo kidogo kwa kompresa yake, akaizamisha ndani ya karai la maji, akaizungusha polepole, na sote wawili tukakodoa macho. Mapovu yakitokea, pancha iko hapo. Kazi yangu ilikuwa kidole. Nilikibandika kidole gumba juu ya tundu, palepale majini, mapovu yakakatika, na nikakaa hivyo bila kutikisika huku Tata akitafuta tupa, akikata kiraka na kufungua mkebe wa gundi. "Kiraka cha kwanza ni Moraa," aliwaambia wateja. "Mimi naweka tu cha pili." Wateja walicheka, nami kichwa kikanivimba. Mapovu yakikatika, pancha imepona. Hiyo ndiyo iliyokuwa elimu yangu yote.

Jambo jingine alilonifundisha ni kutoiacha tyubu bila upepo kabisa. Zile za akiba zilizoning'inia kwenye misumari zote zilikuwa na upepo kidogo ndani. Nilipomuuliza sababu alinipa moja iliyokaa bapa tangu mvua za mwaka uliotangulia, akaniambia niipulize. Nilipuliza mpaka masikio yakaniuma. Kuta zake zilikuwa zimegandana. "Ikishashikana," akasema, "kuifungua ni kazi kuliko kuijaza."

Mama alikuwa mchuma chai. Alianza na kikohozi ambacho hakuna aliyekijali, maana wakati wa mvua nyumbani kwetu kila mtu hukohoa, na kuku pia. Siku ya tano hakuweza kupanda kilima kutoka mtoni bila kuketi njiani mara tatu. Siku ya sita nilimkuta jikoni ameegemea ukuta, mabega yakipanda na kushuka, akivuta pumzi kwa shingo, kwa mbavu, kwa mwili mzima, na mimi nikadhani anacheka. Nikacheka naye. Alinitazama tu. Tata alimwita rafiki yake wa bodaboda, wakamweka mama katikati yao hadi zahanati, na kutoka zahanati gari la wagonjwa likamchukua hadi hospitali kubwa mjini Kisii. Nimonia, wakasema, ya mapafu yote mawili.

Kaka yake, mjomba wangu wa Manga, aliteremka siku hiyohiyo na gumbuti zake za shambani akapiga kambi kwenye benchi la hospitali. Alikuwa mtu wa miraba minne, mwenye shamba lake la chai na ng'ombe wake wa maziwa wa gredi, na alimpenda dada yake kuliko mtu mwingine yeyote duniani. Hakuwahi kuelewa kwa nini dada huyo alikubali kuolewa na mtu wa pancha. Hakulificha jambo hilo, na Tata hakuwahi kumjibu.

Nilipelekwa kumwona mama siku ya Jumamosi. Sisi ni Wasabato. Tata alikuwa amefunga kibanda Ijumaa kabla ya jua kutua kama ilivyokuwa desturi yake, na tulipotoka kanisani tukaenda moja kwa moja hospitali, mimi na gauni langu jeupe, yeye na koti la harusi yake. Watoto hawakuruhusiwa kwenye chumba cha wagonjwa mahututi. Tata alimsihi sista aliyekuwa zamu, mwanamke mrefu wa kutoka upande wa ziwani. Sista akanitazama, akatazama mlango, akasema, "Dakika kumi. Na asiguse kitu. Mzee, hebu nione mikono."

Tata alinyoosha mikono. Alikuwa ameisugua kwa majivu na sabuni tangu asubuhi, lakini weusi wa mpira haukutoka kwenye kucha. Sista aliimwagia dawa, akaisugua mwenyewe kidole baada ya kidole, na Tata akasimama kimya kama mtoto anayekaguliwa kucha shuleni.

Sikumtambua mama. Bomba lilimwingia mdomoni, plasta zilimfunika mashavu, macho yalikuwa yamefungwa kwa dawa ya usingizi. Kifua chake kilipanda na kushuka kwa mwendo mmoja usiobadilika, na kila kilipopanda mashine iliyokuwa kando ya kitanda ilitoa sauti ya mtu anayepuliza moto kwa subira. Nilingoja Tata alie au aniambie kitu. Kumbe alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, anasikiliza mashine vile alivyosikiliza tairi.

"Sista, hii inafanya aje?" akauliza.

"Wewe na mimi, kifua ndio kinavuta," sista akasema, akiweka mkono kifuani. "Kinapanuka, hewa inaingia yenyewe. Sasa mama amechoka kuvuta. Mapafu yake imekuwa ngumu. Hii mashine inamsukumia."

"Kama kompresa."

"Kama kompresa, lakini pole pole sana. Inasukuma, inaachilia, kifua kinarudi chenyewe, hewa inatoka. Tena inasukuma."

"Na geji ni gani?"

Sista alimwonyesha nambari kwenye kioo. Tata aliisoma, akashtuka. "Hiyo ni kidogo, sista. Hata baiskeli ya mtoto haiwezi simama na hiyo."

Sista akacheka, halafu akaziba mdomo kwa sababu ya wagonjwa. "Si ya tairi, mzee. Hii tunapima na maji. Chukua mrija, ingiza mpaka chini kwa ndoo imejaa, halafu pulizia mpaka povu itoke. Ile nguvu umetumia, ndiyo hii. Ukizidisha, mapafu itapasuka."

Tata alipiga hesabu zake kichwani. Kisha akaonyesha nambari nyingine, ndogo, iliyokuwa chini. "Na hii, mbona hairudi sufuri?"

"Hiyo haturuhusu irudi sufuri. Akimaliza kutoa pumzi, tunamwachia hewa kidogo ndani."

"Ndiyo," Tata akasema taratibu. "Ikitoka yote, itashikana."

Sista alimgeukia, akamtazama kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. "Nani amekufundisha hiyo?"

"Tyubu," Tata akajibu, na haya zikamshika.

Nilijivuna siku ile. Mama yangu alikuwa kitandani hajui kama tuko pale, nami nilijivuna kwa sababu sista mwenye saa ya kubandikwa kifuani alimstaajabia Tata. Halafu sista akasema, "Shida ni kwamba upande huu wa kulia ulipasuka kidogo juzi, ndiyo daktari akaweka ule mpira pale ubavuni." Kabla hajamaliza, mgonjwa wa kitanda cha mwisho akaanza kukoroma vibaya, naye akakimbilia huko. Sentensi yake ilibaki nusu. Nusu niliyoisikia ilinitosha.

Tata alishika mguu wa mama juu ya shuka, akafumba macho, akaanza kuomba. Kwetu siku ya Sabato watu hawaombi haraka, na Tata alikuwa mtu wa maombi marefu. Mimi nilitakiwa nifumbe macho pia. Nikafumbua moja, nikaufuata ule mpira kwa jicho: ulitoka chini ya kwapa la mama, ukateremka ubavuni mwa kitanda, ukaingia kwenye chupa kubwa iliyokaa sakafuni, na ncha yake ilizama ndani ya maji. Kila mashine iliposukuma, majini yakatoka mapovu. Blup, blup, blup. Mashine ikinyamaza, mapovu yananyamaza. Ikisukuma, yanatoka tena.

Nilielewa papo hapo, au nilidhani nimeelewa. Mama ana pancha. Wameipata, wametia ndani ya maji vizuri kama inavyotakiwa, wameona mapovu, kisha wakaondoka! Hakuna aliyeshika tundu. Wanamjazia upepo huku na unatokea kule, na hawa watu na makoti yao meupe hawana habari. Niliwadharau, kusema kweli. Nilimtazama Tata, alikuwa amefika kwenye kuwaombea madaktari. Nikachutama. Nikaukunja ule mpira vile alivyokuwa akikunja paipu ya kompresa anapobadilisha ncha, kisha nikabana palipokunjika kwa kidole gumba, kwa nguvu zangu zote.

Mapovu yakakatika.

Sijapata furaha kama ile tena maishani mwangu. Maji ya chupa yalitulia kabisa, nami nikakaa pale chini bila kutikisika, kama nilivyofunzwa, nikingoja Tata aseme amina nimwonyeshe, naye aniambie kiraka cha kwanza ni Moraa. Alikuwa sasa anawaombea wasafiri. Mashine ikaanza kulia. Ililia mara moja, ikanyamaza, ikalia tena kwa kasi. Nikakaza kidole. Nilidhani inalia kwa sababu mama ameanza kujaa.

Tata alifumbua macho kabla ya amina. Alitazama mashine, akatazama shingo ya mama ambayo mishipa yake ilikuwa imetuna, akatazama chupa isiyo na mapovu, kisha akaniona. Hakupiga kelele. Alinivuta vidole kutoka kwenye mpira, akanisukuma nyuma yake kwa mkono wa kushoto, na sista mkuu wa zamu alipofika mbio na yule mrefu nyuma yake, mpira ulikuwa mkononi mwa Tata, bado una alama ya mkunjo.

"Nani amefunga hii?" sista mkuu akafoka.

"Ni mimi, sista."

"Wewe? Kwa nini?"

"Nilidhani ni pancha."

Walimsukuma kando. Waliunyoosha mpira, wakaukamua kwa vidole, na mapovu yakafoka kwenye chupa mengi kuliko yote niliyowahi kuyaona, mpaka maji yakaruka. Mashine ikaacha kulia baadaye kidogo. Yule sista mrefu aliitazama mikono ya Tata, kisha akanitazama mimi nyuma ya koti lake, nami nikaficha kidole ndani ya ngumi. Hakusema neno. Sista mkuu ndiye aliyesema, tena kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye benchi la nje alipokuwa mjomba: mtu huyu asikanyage tena wodini.

Mjomba alimkamata Tata kwa kola ya lile koti la harusi. "Umeziba pumzi ya dada yangu kama tairi," alisema. "Kama tairi!" Nilimvuta Tata mkono nikitaka aseme. Hakusema. Tulipofika nje ya geti aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu, akaniambia kwa Ekegusii, nami nayaandika kwa Kiswahili, "Ile maneno ya mpira ni yangu. Si yako. Usimwambie mtu, na zaidi mjomba wako usimwambie. Wewe utaishi na wale watu." Katika akili yangu ya miaka tisa nilielewa kwamba anaona aibu: fundi mkubwa wa Keumbu ameshindwa na pancha moja mbele ya watu. Nikaamua kumhifadhia siri yake. Nilidhani mimi ndiye ninayemhifadhi.

Siku sita Tata aliketi nje ya geti la hospitali, juu ya jiwe karibu na akina mama wauza ndizi. Hakufungua kibanda. Kila asubuhi alikuja na chupa ya uji wa wimbi, ingawa alijua kwamba mama hawezi kunywa kwa mdomo, na kila jioni tukarudi nao nyumbani nikaunywa mimi. Alimwomba askari wa geti kwa adabu, mara moja asubuhi na mara moja saa za kuona wagonjwa, na askari akatikisa kichwa. Mjomba aliingia na kutoka. Alipita karibu nasi akanishika kichwa mimi, na kumruka Tata kama shimo la barabarani. Ijumaa, jua likiwa limekaribia kutua, alitoka bila kofia.

"Amekwenda," akamwambia Tata. Halafu, kwa sababu huzuni yake haikuwa na mahali pengine pa kwenda, akaongeza, "Sasa rudi ukazibe tairi zako."

Mama alizikwa nyumbani kwetu, chini ya migomba. Mjomba alihudhuria, akatupa udongo, akaondoka bila kunawa mikono. Kwetu, shemeji anayekataa chakula cha boma lako amesema yote, na hakuna mzee aliyehitaji kutafsiriwa. Toka siku hiyo hakula kwa Tata hata punje, hata chai. Alikuja kunichukua kila shule zilipofungwa akanipeleka Manga, na huko, jamani, nilipendwa. Alininunulia viatu. Aliniambia nina macho ya mama yangu. Alinikatia kipande cha nyama kabla ya watoto wake mwenyewe, nami nikakila. Hicho ndicho kinachoniuma kuliko vyote ninapokumbuka: nilikaa mezani pa mjomba nikishiba, huku nyumbani mtu mmoja akipika ugali wake peke yake kwa kosa la kidole changu. Kufika darasa la saba nilikuwa nimeshaelewa vya kutosha kujua siri ni ya nani. Sikusema. Mwanzoni nilinyamaza kwa sababu niliambiwa, baadaye nikanyamaza kwa sababu nilipenda viatu.

Tata alirudi kazini, lakini karai alilipindua kifudifudi na hakulitumia tena. Alianza kupima pancha kwa povu la sabuni, akipaka tyubu kwa brashi kuukuu ya kunyolea. Wateja walimtania kwamba amekuwa kinyozi. Hakuniita nishike tundu hata siku moja. Nikajua, kama watoto wanavyojua mambo yasiyo kweli, kwamba anakiogopa kidole changu, kwamba kina mkosi. Nikiwa kidato cha pili nilijikaza nikamwambia, "Tata, nikushikie?" Aliendelea kukwaruza mpira. "Yaya," akasema, yaani hapana. "Hiyo kazi iliisha." Nililia njia nzima ya kurudi nyumbani, na yeye, nadhani sasa, alilia huko bandani.

Nina rafiki ambaye ni muuguzi, na ni yeye aliyenifungulia fumbo lile ukubwani, tukiwa tunamenya viazi. Nilimwambia ni habari ya mtu ninayemjua. Akaniambia pafu likitoboka mgonjwa akiwa kwenye mashine, hewa inayosukumwa hutoroka kupitia tundu ikajaa kati ya pafu na ukuta wa kifua, na isipopewa njia ya kutokea italibana pafu, mwishowe moyo. Ile chupa ndiyo njia. Maji yake huiruhusu hewa itoke na kuizuia isirudi. Mapovu yale ndiyo yaliyokuwa yakimpa mama nafuu ya kubanwa. "Lakini waliufungua mapema," akasema, bila kuniangalia. "Mtu hafi kwa hilo siku sita baadaye. Huyo alikufa kwa nimonia, mapafu yalishakuwa mawe. Mwambie huyo mtu unayemjua." Nilishukuru. Nilijifungia bafuni baadaye, na sikulia kwa nafuu. Sikumuua mama, sawa. Lakini nilimnyima Tata siku sita za kushika mguu wa mkewe, na hakuna muuguzi wa kunitoa hapo.

Nilijiambia nitakwenda Keumbu nimwombe msamaha uso kwa uso. Niliahirisha kwa ajili ya mitihani, nikaahirisha kwa ajili ya kazi, nikaahirisha kwa ajili ya mimba. Mwaka huu, mvua zilipoanza, Tata alianguka bandani akiwa amepiga magoti mbele ya tairi la pikipiki, na walipomnyanyua alikuwa ameshaondoka.

Mjomba alikuja mazishini. Amezeeka sasa, ile miraba minne imebaki miwili, anatembelea fimbo. Alitupa udongo. Wakati wa chakula aliketi mwisho wa hema, na sahani aliyopelekewa, wali na nyama na mboga ya chinsaga pembeni, aliifunika kwa sahani nyingine akaiweka chini ya kiti. Kila mtu aliona na kila mtu akajifanya hajaona. Nikachukua birika la maji na beseni, nikaenda nikapiga magoti mbele yake.

"Mjomba, nawa mikono."

"Moraa, wewe unajua mimi sili hapa."

"Najua, na najua ni kwa nini. Lakini ule mpira si Tata aliukunja. Ni mimi."

Aliinua macho polepole. "Rudia."

Nilirudia. Nilimweleza karai, mapovu, kidole, maombi, kila kitu, na sauti yangu ikawa ya mtoto wa miaka tisa bila mimi kutaka. Wanawake waliokuwa wakigawa chakula walisimama na miiko mikononi.

"Ulikuwa wa miaka mingapi?" akauliza.

"Tisa."

Alinishika kidole gumba akakitazama muda mrefu, upande huu na upande huu. Nilingoja aniruke kama alivyomruka Tata. Nilikuwa tayari, kwa kweli nilikuwa ninaitamani hukumu ile.

"Yule sista mrefu alinijia Jumatatu," akasema hatimaye. "Akaniambia, huyu mzee ameelewa mashine kwa dakika tano kuliko wanafunzi wetu, hawezi kuwa ndiye alikunja. Akasema nimeongea na mkubwa wetu, mwache aingie, mama hatakaa sana." Akakiachia kidole changu. "Ni mimi nilikataa, Moraa. Nikaambia yule askari wa geti, siku huyo mtu ataingia, mtanitoa hapa na polisi. Wao walikuwa wamesema aingie. Mimi ndiye nilifunga."

"Ulijua si yeye?"

"Sikutaka kujua."

Nilimkasirikia, nikajikasirikia, na hasira zote mbili zikakosa mtu wa kumwangukia, maana Tata, aliyekosewa na sisi sote wawili, alikuwa tayari chini ya udongo. Mjomba akanyoosha mikono juu ya beseni. Nilimmiminia maji akanawa taratibu, kidole baada ya kidole, akaichukua sahani kutoka chini ya kiti na kuifunua. Wali ulikuwa umepoa na mafuta yameganda juu ya nyama. Alikula wote huku machozi yakimdondokea sahanini, nami sikuondoka pale na birika langu mpaka alipomaliza.

Kisha akaniomba nimpeleke kwenye migomba. Kaburi la Tata lilikuwa bado bichi, ubavuni mwa lile la mama ambalo nyasi zimelifunika siku nyingi. Mjomba alivua kofia, akasimama katikati ya yale makaburi mawili, akasogea pembeni kidogo kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni.

"Shemeji," akasema, "ingia."